Neno Public na Alama za Mtoto wa Watu

Wanachuo wenzangu, hizi ndizo wiki za kuwasilisha projekti za programu, na mpaka leo nimeshaulizwa swali lile lile mara sita, kuanzia korido ya maabara hadi foleni ya chakula: "Dada, nimeandika jina la mwanafunzi kwenye fomu ya kwanza, nataka lionekane kwenye fomu ya pili. Nafanyaje?"

Mwaka jana nilikuwa na jibu la sekunde tano. Fungua moduli, andika Public, weka jina la kigeu chako, kila fomu itakiona. Nilijibu hivyo na watu wakashukuru, wengine wakaninunulia soda. Mwaka huu silitoi tena jibu hilo, na kuna wadogo zangu wa mwaka wa pili wananiona nimeanza maringo. Si maringo. Nimeona jibu hilo limefanya nini likitoka nje ya geti la chuo.

Kwanza tuelewane maneno, maana wasomaji wa gazeti hili si wote wa kompyuta. Fomu ninayoisema hapa si kidato, wala si ile karatasi ya kujaza wakati wa kuomba bumu. Ni dirisha moja la programu: lenye vitufe, visanduku vya kuandikia, na ule msalaba wa kufungia juu kulia. Kigeu ni kijisanduku chenye jina ambacho programu inatunzia thamani, mfano darasa, somo, alama. Programu ya kwenye kompyuta ya mezani huwa na fomu kadhaa: ya kuingilia, ya kuchagua darasa, ya kujaza alama, ya kuchapa ripoti. Tatizo la kila anayeanza ni kwamba kigeu ulichokiumba ndani ya fomu moja, fomu nyingine haikijui. Ndiyo maana swali lile haliishi.

Sasa nisimulie. Mwaka jana nilikwenda field katika shule moja ya sekondari ya kata. Nilipangiwa Hesabu na Kompyuta. Kama kawaida ya walimu wa field, wiki ya pili tu nilishakuwa fundi: printa imekwama, niitwe, flashi ina virusi, niitwe. Mwalimu wa taaluma, mzee mmoja mpole mwenye miaka mingi kazini, alikuwa anajaza matokeo kwa kalamu kwenye daftari kubwa kisha anakokotoa wastani kwa kikokotoo. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Sisi chuoni tulitengeneza programu ya kazi hii hii, ilikuwa projekti yetu." Akasema, "Marahaba binti, ilete tuione."

Projekti hiyo tulikuwa watatu, na ilipata alama nzuri kuliko zote za kundi letu. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na nembo, ilikuwa na kitufe cha kuchapa ripoti. Ndani yake kulikuwa na moduli moja yenye vigeu kumi na kitu, vyote Public: Darasa, Somo, Muhula, Mwalimu, na kadhalika. Ukichagua darasa kwenye fomu ya kwanza, kigeu Darasa kinajazwa. Fomu ya alama ikifunguka inakisoma, inaandika juu "Kidato cha Pili A", unaanza kujaza. Ukibonyeza Hifadhi, inakisoma tena kujua alama hizo ziende wapi.

Ukisoma sentensi hiyo ya mwisho taratibu utaona bomu lilipo. Sisi hatukuliona.

Siku ya kujaza alama za Hesabu, mwalimu wa taaluma alikuwa na rundo la karatasi za 2A. Akafika namba 16, akaingia mwenzake mwenye haraka kuuliza jambo la 2B. Mzee akafungua dirisha lingine la alama, akachagua 2B, akaangalia alichoulizwa, mwenzake akaondoka. Lile la 2B hakulifunga, akalisogeza pembeni tu, kama sote tunavyofanya. Akarudi kwenye dirisha lake la kwanza. Juu limeandikwa "Kidato cha Pili A". Akaendelea kutoka namba 17 mpaka 44, akahifadhi, akaenda kunywa chai.

Madirisha yalikuwa mawili, lakini kigeu Darasa kilikuwa kimoja. Alipochagua 2B, kigeu kilibadilika kwa madirisha yote mawili. Yale maandishi ya juu yaliyosema 2A yalikuwa yameandikwa zamani, dirisha lilipofunguka, na hakuna mtu aliyeyaambia kuwa mambo yamegeuka. Kwa hiyo alama za watoto 28 wa 2A zikaenda kufuta alama za watoto 28 wa 2B waliokuwa na namba zile zile, ambazo zilishajazwa siku iliyotangulia. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna king'ora. Programu iliandika kwa upole: "Alama zimehifadhiwa."

Kesho yake mzee aliona 2A ina nafasi tupu kuanzia 17, akadhani amesahau kuhifadhi, akazijaza upya. Hapo ndipo kosa lilipojificha vizuri. 2A ikawa sahihi, 2B ikawa na alama za watu wengine, na matokeo yakabandikwa ubaoni.

Baada ya siku nne akaja bibi mmoja shuleni. Alikuja ofisi ya walimu na mfuko wa plastiki, ndani yake karatasi ya mtihani iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Wanangu, mimi sijui kusoma vizuri, lakini namba nazijua. Hapa pameandikwa 78. Kule ubaoni mjukuu wangu ana 31. Mjomba wake ndiye anayemlipia chumba huku, na ameshasema mwezi ujao halipi, maana mtoto mwenyewe hasomi." Binti mwenyewe alikuwa amesimama nje ya mlango, hakuingia. Alikuwa haongei. Nadhani alikuwa ameshaanza kuamini ile 31.

Tulikaa na mwalimu wa taaluma mpaka saa moja usiku tukilinganisha karatasi na kompyuta, mtoto kwa mtoto. Wengine walikuwa wameshushwa kama yeye. Wengine walikuwa wamepandishwa, na kati ya hao hakuna aliyekuja kulalamika, na siwalaumu, nani angekuja? Kitu kimoja sitakisahau: yule mzee alijilaumu yeye. "Mimi na hizi kompyuta zenu, binti, macho yameshachoka." Ilibidi nimwambie mara tatu kwamba macho yake ni mazima, alibonyeza kila kitu alichotakiwa kubonyeza, kosa ni langu. Sidhani aliniamini.

Niliporudi geto usiku ule nilifungua laptopu nikaitafuta ile mistari. Sikuchukua hata dakika kumi kuiona.

Sasa, hoja yangu. Kwenye madesa yetu, na nimeyapitia yote yanayozunguka mwaka wa kwanza na wa pili, njia ya kwanza inayotajwa ya kupitisha thamani kati ya fomu ni moduli yenye Public. Kwa wengi ndiyo njia pekee. Sababu yake naielewa: inafanya kazi mara moja, inaeleweka kwa mstari mmoja, na siku ya kuwasilisha haiwezi kukuaibisha. Mnajua uwasilishaji ulivyo. Dakika kumi, mtu mmoja anabonyeza, dirisha moja baada ya jingine, kwa mpangilio mliofanyia mazoezi usiku kucha. Hakuna mwalimu mwenye haraka anayeingia katikati. Programu yetu ilipita mtihani huo kwa sababu mtihani huo haufanani na ofisi ya walimu hata kidogo.

Kigeu cha Public ni kama ule ubao mweupe kwenye mlango wa chumba cha hosteli chenye watu sita. Kila mmoja ana kalamu. Umeandika "Nimetoka, narudi saa nane", mwenzako kafuta kaandika namba ya mtu wa gesi. Aliyekuja kukutafuta anasoma namba ya gesi. Hakuna aliyekosea, ubao ni wa wote. Ukitaka ujumbe ufike kwa mtu fulani bila kuguswa, unamkabidhi mkononi.

Na kukabidhi mkononi si vigumu, ndiyo inayoniuma. Ndani ya fomu ya alama unaandika hivi:

Private ReadOnly _darasa As String
Public Sub New(darasa As String)
    InitializeComponent()
    _darasa = darasa
End Sub

Basi. Anayetaka kufungua dirisha anaandika New FomuAlama("2A"), na dirisha hilo linazaliwa likijua kuwa ni la 2A mpaka linakufa. Ukifungua la 2B pembeni, lina kijisanduku chake mwenyewe. Neno ReadOnly linasema hata mimi mwandishi siruhusiwi kukibadilisha baadaye. Ule mstari wa InitializeComponent usiusahau, ndio unaochora vitufe na visanduku. Ukiuacha utapata dirisha jeupe kama kanzu na utalia bure.

Kuna faida ya ziada ambayo niliigundua kwa bahati. Ukishaiwekea fomu masharti hayo ya kuzaliwa, ukijaribu kuandika FomuAlama.Show() kwa mazoea, kompaila inakukatalia. Yaani haiwezekani kufungua dirisha la alama bila kusema ni la darasa gani. Kosa ambalo lingetokea shuleni mbele ya bibi linatokea kwenye laptopu yako saa tano usiku. Mimi naona huo ni upendo.

Wengine mtasema ninyi hamtumii moduli, mnasoma moja kwa moja kwenye kisanduku cha fomu nyingine: FomuAlama.txtJina.Text. Hiyo nayo ina vituko vyake, na historia inasaidia kuvielewa. Visual Basic ya kwanza ilitoka mwaka 1991, na toleo la sita, ambalo bado linatajwa kwenye madesa yetu, ni la 1998. Huko, ukitaja jina la fomu tu, lugha yenyewe ilikuundia dirisha lake bila wewe kuomba. Microsoft walipoleta Visual Basic .NET mwaka 2002 waliiondoa tabia hiyo: fomu ikawa ramani tu, dirisha lazima uliunde mwenyewe kwa neno New. Waliozoea ya zamani walipata taabu kweli, na toleo la 2005 likairudisha. Kwa hiyo leo mambo yote mawili yapo kwa pamoja. Unaunda dirisha lako kwa New, mtumiaji anaandika jina humo, kisha kwenye fomu nyingine unataja FomuAlama.txtJina.Text na unapata patupu. Unaapa umerogwa. Kumbe kwa kutaja jina la ramani, lugha imekuundia dirisha jingine kimyakimya, halijaonyeshwa, halina kitu, na ndilo unaloliuliza. Nimeona mtu wa kundi letu akipoteza wikendi nzima hapo, na UE ikiwa Jumatatu.

Na kama thamani inatakiwa kurudi? Mfano fomu ndogo ya kuchagua mwanafunzi. Fungua kwa ShowDialog, subiri ijibu, kisha uliza propati yake: alichaguliwa nani? Dirisha lililofunguliwa kwa ShowDialog likifungwa linafichwa tu, halijafutwa, kwa hiyo bado unaweza kuliuliza. Njia ni hizo mbili, na kazi nyingi za projekti zetu zinaisha hapo.

Sisemi Public ni haramu. Nimeshasikia mtu wa mwaka wa tatu akiwahubiria wadogo kwamba kigeu cha wote ni dhambi, nikamwonea huruma, maana yeye mwenyewe programu yake ina jina la aliyeingia limepitishwa kwenye fomu tisa moja baada ya jingine kama mchango wa harusi. Mtu aliyeingia kwenye programu ni mmoja kwa programu nzima. Njia ya kuifikia hifadhidata ni moja. Hivyo viwe vya wote, sawa kabisa, ilimradi mahali pa kuvibadilisha pawe pamoja tu: fomu ya kuingilia inaandika, nyingine zinasoma. Lakini darasa linalojazwa alama si kitu cha programu nzima. Ni cha dirisha lile. Swali ni je, vinaweza kuwapo viwili kwa wakati mmoja? Kama vinaweza, hata kama wewe hujawahi kuvifungua viwili, kuna siku mtu atavifungua.

Rafiki yangu niliyekaa naye kundi moja tangu mwaka wa kwanza aliposoma rasimu ya makala hii alinijia juu. Akasema, "Wewe, sisi ni walimu. Si mainjinia wa programu. Mtu anatafuta alama za coursework asije akapata supu, unamletea konstrakta?" Nilimwelewa. Nami nimekomaa na msuli kama yeye, najua wiki ya mwisho ilivyo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa walimu, hoja yake inanigeukia. Injinia ana timu, ana mtu wa kukagua kazi yake kabla haijafika kwa watu. Sisi tutakuwa mwalimu mmoja wa kompyuta katika shule nzima, na siku tutakayosema "naweza kutengeneza programu ya matokeo" hakuna atakayetukagua. Mwalimu wa taaluma atasema "ilete tuione", na kesho yake itakuwa ndiyo daftari la shule. Halafu sisi ndio tutakaowafundisha watoto wa kidato namna ya kuandika programu, na tutawafundisha kama tulivyofundishwa.

Kwa hiyo naiomba idara mambo mawili, na nawaomba viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, ambao kila kikao wanapigania Wi-Fi (na wapiganie), wayapeleke. La kwanza, mpangilio wa mada. Kupitisha thamani kupitia konstrakta kuje kwanza, moduli ije baadaye na maelezo ya lini inafaa. Anayejifunza njia fupi kwanza hairudii ndefu, sisi wa Elimu tunalijua hilo kutoka darasa la saikolojia. La pili, uwasilishaji. Katika zile dakika kumi, mbili ziwe za msimamizi mwenyewe kushika kipanya. Afungue madirisha mawili ya aina moja, ajaze la kwanza, abadili la pili, arudi la kwanza, ahifadhi, aende kwenye hifadhidata aone kimeandikwa nini. Haigharimu chochote. Yetu ingeanguka hapo hapo, mbele ya darasa, tungechekwa, tungerekebisha usiku ule, na bibi asingepanda bodaboda kuja na mfuko wake wa plastiki.

Na kama idara itachelewa, nyie mnaowasilisha wiki ijayo mnaweza kujifanyia wenyewe leo. Mpe laptopu mwenzako asiyesoma kompyuta kabisa, wa Kiswahili na Historia kwa mfano, mwambie abonyeze anavyotaka. Usimwelekeze. Kaa mikono nyuma.

Matokeo ya 2B yalibandikwa upya siku iliyofuata na maelezo ya mwalimu wa taaluma kwa wazazi. Ile programu niliiandika upya likizo ya mwezi wa nane, peke yangu. Nilipoipeleka, mzee aliivuta laptopu kwake kabla sijaanza maelezo. Akafungua dirisha la 2A. Akafungua la 2B. Akarudi la 2A, akajaza alama moja, akahifadhi, akafungua ripoti ya 2B kuangalia kama imeguswa. Haikuguswa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ngoja," akasema, "nifungue na la tatu."